Ishirini na Sita Waliovuka

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimeganda kwenye Zaburi 27:10, pale Daudi anaposema hata baba na mama wakimwacha, Bwana atamkaribisha kwake. Mstari huu tumezoea kuusikia misibani. Safari hii umenipeleka kwa mcheza mpira, mimi ambaye hata kuotea sikuelewi.

Walter Tull alizaliwa mwaka 1888 Folkestone, Uingereza. Baba yake alikuwa seremala kutoka Barbados, mama yake Mwingereza. Mama akafariki 1895, baba akafuata 1897. Mama wa kambo akaelemewa, na Walter na kaka yake Edward wakapelekwa kituo cha yatima cha Wamethodisti, Bethnal Green, London. Baadaye familia moja ya Glasgow ikamchukua Edward, akasoma hadi akawa daktari wa meno. Walter akabaki kituoni. Hapo ndipo niliposimama kusoma, maana kuna watu humu wanajua kubaki ni nini wakati mwenzako anaitwa.

Mwaka 1909 akasajiliwa na Tottenham. Mwaka huohuo, walipocheza Bristol, watazamaji walimtukana kwa rangi yake kiasi kwamba mwandishi mmoja wa habari alishindwa kunyamaza, akaandika kumtetea. Tottenham walimchezesha mechi 10 tu za ligi. Akahamia Northampton, huko akacheza zaidi ya 100.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza akajiunga na kikosi cha wanasoka cha Middlesex, Desemba 1914. Mwaka 1917 akawa luteni usu, ingawa kanuni za jeshi zilikuwa zinamzuia mtu asiye wa asili ya Ulaya tupu kuwaongoza askari. Nani alifumba macho, sijui; namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Sasa njooni Italia, mto Piave, majira ya baridi. Usiku, maji ya baridi kali yanakimbia, adui yuko ng'ambo. Tull anawaongoza watu 26 kuvuka, wanafanya shambulio lao, wanarudi. Wote 26. Jenerali wake alimsifu kwa maandishi, kwa ushujaa na utulivu wake. Mimi ninachokiona ni yatima anayehesabu vichwa gizani, asiache mtu ng'ambo. Nikakumbuka Yohana 17, Bwana anapomwambia Baba kwamba aliopewa amewatunza.

Machi 25, 1918, karibu na Favreuil, Ufaransa, Wajerumani wakiwa wanasonga mbele kwa nguvu, Tull akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 29. Alishapendekezwa kupewa nishani; hakupewa.

Kwenye kikosi chake kulikuwa na Tom Billingham, aliyewahi kuwa kipa wa Leicester. Yeye, risasi zikiendelea kumiminika, alimshika luteni wake akaanza kumburuta arudi naye. Fikirini kidogo: mikono iliyozoea kudaka mpira imeng'ang'ania koti la mtu aliyekwisha kufa, matope yanavuta huku, yeye anavuta kule. Alijaribu mpaka akashindwa, akamwacha.

Mwili haukupatikana hadi leo. Jina lake limechongwa Arras, Ufaransa, kwenye ukuta wa kumbukumbu, pamoja na maelfu ya wengine wasio na kaburi. Zaburi ile nimeisoma tena jana usiku, nikamwona Billingham akirudi mikono mitupu.