Kilo Moja kwa Kila Gunia

Mwezi Machi 2016 binti yangu wa mwisho alikuwa akijiandaa kwa kipaimara. Kila jioni, tukishamaliza kula, alinipa Katekisimu Ndogo ya Luther niishike ili aseme bila kuangalia. Jioni hiyo umeme ulikuwa umekatika na mvua inapiga bati, kwa hiyo nilimulika kitabu kwa tochi ya simu. Nikamwambia, "Amri ya saba." Akasema, "Usiibe." Nikamuuliza maana yake. Akajibu bila kukwama kwamba tumche Mungu na kumpenda, tusichukue fedha wala mali ya jirani, wala tusijipatie kwa bidhaa mbovu au biashara ya hila, bali tumsaidie kuitunza mali yake na kuiongeza. Kisha akanyamaza, akingoja nimtajie amri ya nane.

Sikuweza kuitaja. Nilimrudishia kitabu nikamwambia aendelee na mama yake.

Kuanzia mwaka 1996 hadi 2003 nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha ushirika wa wakulima huku kwetu Kagera, upande wa Kiziba. Kwa msiojua kahawa ya huku: robusta ikishachumwa huanikwa ikiwa na maganda yake mpaka ikauke na kulia ukiitikisa, halafu hupelekwa chamani hivyo hivyo, nasi huiita maganda. Mkulima anafika na gunia lake kwenye baiskeli au kichwani. Karani analitundika, anasoma mshale, anaandika kwenye daftari la chama na kwenye stakabadhi ya mkulima. Mshale ukisimama kwenye 41 na nusu, mimi niliandika 40. Mzee macho hayaoni vizuri, mama ana mtoto mgongoni na safari ya kurudi, kijana ananiogopa kwa sababu kesho nitamwambia kahawa yake ina unyevu. Wastani wake ulikuwa kama kilo moja kwa kila gunia. Jioni ghala lina kahawa nyingi kuliko daftari, na ile ziada niliiandika kwenye kadi ya shamba la marehemu baba yangu, shamba ambalo kwa kweli lilikuwa halitoi hata magunia mawili. Nilifanya hivyo misimu saba.

Mwaka 2001 bei ya kahawa ilikuwa imeanguka vibaya, huku kwetu na duniani kote. Watu walikuwa wakiuza butura, yaani mtu anauza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtoto anaumwa au ada inadaiwa. Mwaka huo huo kanisani tulifanya harambee ya kuezeka, nami nikasimama nikaahidi bati 10, nikazilipa zote. Waliopiga makofi ni watu ambao kahawa yao ndiyo iliyonunua zile bati. Ziko juu ya vichwa vyetu mpaka leo.

Sasa nieleze jambo ambalo naona ndilo gumu zaidi. Miaka yote hiyo sikujihesabu kuwa mtu anayeishi katika dhambi. Niliamini kabisa kwamba ni Mkristo. Huku kwetu dhambi ilikuwa na orodha yake inayojulikana: uzinzi, ulevi, kwenda kwa mganga, kuoa mke wa pili. Hizo ndizo zilizomfanya mtu atengwe na Meza ya Bwana na baadaye asimame mbele ya usharika arudi kundini. Sijawahi kuona mtu anarudi kundini kwa sababu ya mizani. Nilishiriki Meza, niliimba kwaya, nilitoa fungu la kumi hata kwenye zile kilo za wizi. Nilipoacha kazi nilidhani mambo yamekwisha yenyewe, kama jeraha linalofunga. Kumbe dhambi haizeeki. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita, na mtoto aliposema "biashara ya hila" nilisikia harufu ya lile ghala.

Nilikwenda kwa mama. Mama wakati ule alikuwa na miaka 84, mmoja wa ndugu wachache waliobaki wa Uamsho wa zamani, ule mwamko wa kiroho wa kutubu hadharani ulioenea Afrika Mashariki. Vijana wengi hawajui ule moto ulitoka wapi. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, Joe Church, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi pale Namirembe, Kampala. Wakasoma Biblia pamoja na kuomba pamoja, mweupe na mweusi, kila mmoja akikiri kwamba amechoka na Ukristo mkavu. Moto ukaenea Gahini, ukaenea Uganda, na kabla miaka ya 1930 haijaisha ulikuwa umeshavuka kuingia Bukoba. Ndiyo maana wazee wetu wanaimba Tukutendereza, wimbo wa kumsifu Yesu, kwa Kiganda hata kama Kiganda hawakijui. Askofu Josiah Kibira, mtoto wa huku huku, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, naye alikuwa mtu wa Uamsho huo.

Watu hawa walisema "kutembea nuruni". Mtu akiguswa alisimama akasema alichofanya, kisha akaenda kurudisha: jembe, blanketi, ng'ombe, fedha za mwajiri. Nilipokuwa mtoto niliwaonea haya. Hata leo sikubali kwamba kila kilichosemwa hadharani kilistahili kusemwa hadharani. Kuna maungamo yaliyowavua nguo watu wengine wasiokuwapo, na nyumba zikavunjika. Lakini jambo moja walilijua ambalo sisi tuliosoma tulilisahau, kwamba dhambi niliyomtendea jirani haiwezi kuishia kati yangu na mto wa kulalia.

Nilimweleza mama yote. Nilitegemea anikemee, au anisomee neno. Alikaa kimya muda mrefu, akasema, "Nilijua, mwanangu. Ile sukari uliyokuwa ukiniletea kila Jumamosi, nilijua mshahara wa karani haununui sukari namna ile. Nami niliinywa." Halafu, na magoti yake yale mabovu, akaanza kushuka kitini. Nikamzuia. Akauondoa mkono wangu. "Si wewe peke yako unayehitaji kutubu hapa." Tukapiga magoti wote wawili sakafuni, yeye akaungama ukimya wake, mimi nikaungama mizani.

Ingekuwa vizuri niseme nilitoka pale na amani. Nilitoka na hesabu. Mimi ni karani. Nilinunua daftari la kurasa 96 nikaanza kuandika majina ya wakulima wote niliowakumbuka, wakafika 140 hivi. Walawi sura ya 6 inasema aliyenyang'anya arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo, yule mtoza ushuru, alisema mara nne. Nikakadiria magunia 800 kwa msimu, misimu saba, kilo moja kila gunia: kilo 5,600. Kwa shilingi 1,000 kwa kilo ni milioni 5.6. Ukiongeza sehemu ya tano, milioni 6 na laki 7 na ushee. Kwa Zakayo, milioni 22.4. Nilikuwa na kibanja, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, ng'ombe wawili na miti ya mikaratusi. Zaidi ya hapo, wakulima zaidi ya 40 katika daftari lile walikuwa wameshakufa, wengine wamehamia Geita, Mwanza, Uganda. Na hakuna popote nilipoandika nilimpunja nani kiasi gani. Mwizi hatunzi kumbukumbu za wizi wake. Nilikaa juu ya daftari lile usiku nne au tano, na kila nikihesabu nilizama zaidi. Nilifika mahali nikafikiri ingekuwa afadhali nisiwepo.

Ijumaa Kuu mwaka ule ilikuwa tarehe 25 Machi. Kanisani ilisomwa habari ya mateso kutoka Mathayo, na kwenye sura ya 27 nikasikia kitu nilichokuwa nimekisikia maisha yangu yote bila kukisikia. Yuda alirudisha fedha. Vipande vyote thelathini, havikupungua hata kimoja. Na aliungama pia, tena waziwazi: "Nalikosa nilipoisaliti damu isiyo na hatia." Kwa kipimo cha daftari langu Yuda alitubu kuliko mimi. Lakini fedha na maungamo yake alivipeleka kwa makuhani, nao wakamjibu, "Basi, haya yatupasa nini sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe." Akaenda kuyaangalia mwenyewe, peke yake, akajinyonga.

Nyumbani nikafungua Luka 19, kwa Zakayo, nikitafuta tofauti. Naye alirudisha fedha. Ila angalia mpangilio. Yesu anamwita ashuke mtini na kumwambia kwamba leo imempasa kushinda nyumbani mwake, wakati Zakayo hajarudisha hata senti moja. Mwokozi anaingia kwanza kwenye nyumba iliyojengwa kwa mali ya dhuluma, watu wananung'unika nje, na ni akiwa humo ndani ndipo mwenye nyumba anasimama na kusema nusu ya mali nawapa maskini. Mimi nilikuwa nimegeuza. Nilitaka kwanza nilipe, nisafishe, ndipo nimkaribishe.

Na lile neno la Warumi 4:5, ambalo sisi Walutheri tunalisoma tangu utoto, lilinishika shingoni: "Lakini kwa mtu asiyefanya kazi, bali anamwamini yeye ampaye haki asiyekuwa mtauwa, imani yake mtu huyo imehesabiwa kuwa haki." Asiyekuwa mtauwa, yaani asiyemcha Mungu, ndiye mimi. Na imehesabiwa. Hilo ni neno la kazi yangu. Nilimwandikia mtu pungufu ya alicholeta, nikajiandikia mimi ambacho sikuleta. Hapa Mungu anamwandikia mtu ambacho hakuleta kabisa. Niliogopa kidogo, kwa sababu nilijua vizuri jambo hilo huitwaje ghalani. Nikajiuliza, basi nani anapunjwa? Maana kila kilo ya ziada kwenye kadi moja ni kilo iliyotoka kwenye gunia la mtu fulani. Nikaona ya kuwa aliyepungukiwa ni Yeye mwenyewe. Haki iliyoandikwa kwenye kadi yangu ni ya Kristo, ameitoa kwa hiari yake, na deni lililokuwa kwangu amelibeba Ijumaa ile. Hakuna mjane aliyeibiwa ili mimi nisamehewe. Nililia nikiwa peke yangu chumbani, mtu mzima, na kwa mara ya kwanza tangu tochi ile ya simu sikulia kwa hofu.

Ndipo nikaweza kuanza kulipa. Huko nyuma nilishindwa kabisa hata kutoka mlangoni, kwa sababu kila mlango ulikuwa hukumu ya mwisho. Sasa ilikuwa deni la kawaida la mtu kwa jirani yake. Niliwaeleza wazee wa usharika na viongozi wa chama, nikauza mikaratusi na ng'ombe mmoja, nikaanza na walio hai na walio karibu.

Wengi walishangaa. Wachache walikasirika. Mzee mmoja alikataa fedha akasema nimpe mjukuu wake madaftari. Ila nitasimulia habari za mama mmoja mjane, ambaye misimu yote ile alikuwa akija na magunia sita. Nilimpelekea shilingi 60,000. Akazihesabu mbele yangu, noti moja moja, akazifunga kwenye pindo la kanga.

"Tulikuwa tukipima nyumbani kabla ya kuja," akasema. "Tulijua zote."

"Mama, mbona hamkusema?"

"Tungemwambia nani, waitu? Wewe ndiye uliyekuwa na kalamu."

Nikamwomba msamaha. Akatazama nje kwenye migomba. "Hizi ni za kahawa. Nimezipokea. Lakini mwaka ule nilipungukiwa shilingi elfu nane za ada, kijana wangu akaacha kidato cha pili. Hiyo utanirudishiaje?"

Sikuwa na jibu na sikutafuta. Nilisema, "Siwezi, mama." Nadhani hilo ndilo neno la kweli kuliko yote niliyosema siku ile. Akainuka, akaingia ndani, nikadhani amemaliza nami. Akarudi na kikapu kidogo cha kamwani, kahawa za kutafuna anazopewa mgeni kwetu tangu mababu, zimechumwa mtini kwake. Akaninyoshea. Hakusema amenisamehe. Nilichukua mbili, mkono ukitetemeka, tukatafuna pamoja mpaka mvua ilipokata.

Yule kijana wake sasa ni mtu mzima, anaendesha bodaboda. Nilimfuata kijiweni nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa helmeti yake, akawasha pikipiki akaondoka. Hajanijibu mpaka leo. Jumapili huwa anakaa upande wa kushoto karibu na mlango, chini ya zile bati, na tukifika kwenye ungamo la dhambi namsikia sauti yake nyuma yangu, nami nasema maneno yale yale pamoja naye. Kwenye daftari bado nina majina 37. Jumamosi hii, Mungu akipenda, nakwenda Karagwe.