Mitambo miwili ya redio: mmoja niliufufua, mwingine niliuchinja

Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa ameshapatana bei na mzee mwenye kituo kabla sijaitwa. Alitaka vyote kwa mkupuo: mtambo wa FM wa kilowati 1 na ule wa mawimbi ya kati, nao wa kilowati 1, vilivyotupwa bandani Njiro, hapa Arusha, tangu kituo kilipohamia mtambo wa transista. Mzee akanipigia niko karakana, Unga Limited. "Fundi, niambie tu: niuze au tutengeneze?"

"Shikamoo mzee. Usiuze hata nati mpaka nifike."

Yote miwili ni mitambo ya valvu, zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista. Mitambo hiyo huendeshwa kwa volti maelfu, na kapasita zake hubaki na chaji hata ukizima. Milangoni kuna swichi za kukata umeme, ila nimeona nyingi zilizopitishiwa waya na mafundi wenye haraka, kwa hiyo siziamini. Nilianza kwa fimbo kavu yenye waya wa ardhini, nikagusa kapasita moja baada ya nyingine. Kijana wangu alicheka, mtambo haujaonja umeme miaka yote hiyo. Acheke.

Ule wa mawimbi ya kati ndio uliovutia macho. Ndani valvu nne za 833A, vioo vikubwa: mbili za kutoa mawimbi, mbili za kuyapachika sauti. Kila moja hula volti 10 kwa ampea 10 kupasha waya wake tu, yaani wati 400 zimekwenda kabla mtangazaji hajasema "habari za asubuhi". Mzee alitaka sana huu ufufuke. Nami nilimuuliza jambo moja: mnara uko wapi? Kwa masafa ya kilohezi 1,000 wimbi lina urefu wa mita 300, na mnara wa robo wimbi, ambao ndio antena yenyewe, ni mita 75, pamoja na nyaya za shaba zilizofukiwa ardhini kuuzunguka. Mnara ulishateremshwa, na kiwanja kimejengwa nyumba za kupanga. Hapo hata valvu zingekuwa mpya dukani, jibu lingekuwa lile lile: tuuchinje, tuufungue tuuze vipande.

Kuuchinja nako si kumpa mtu nyundo. Kapasita mbili za mafuta zilikuwa na kibati kilichoandikwa Pyranol. Hayo ni mafuta ya PCB, sumu isiyooza, ambayo Marekani ilipiga marufuku kuitengeneza mwaka 1979. Jamaa wa skrepa angezipasua apate bati na kumwaga mafuta mtaroni. Nikazifunga zikiwa nzima kwenye pipa la chuma lenye maranda chini, mzee akaandikia NEMC, baraza la taifa la mazingira. Valvu za rektifaya (za kugeuza umeme wa AC kuwa DC) zenye zebaki nilizipanga wima sandukuni. Za 833A nilizipima nyaya, zote nzima. Wapenzi wa amplifaya za muziki wanazitafuta hadi leo, na zilimpa mzee zaidi ya bei ya skrepa.

FM ilikuwa habari nyingine. Panya walikuwa wamekula nyaya za feni, lakini nilichokiangalia kwanza ni transfoma kubwa, maana ikiwa imeungua, kuisuka upya kunagharimu kuliko mtambo wenyewe. Mega, kipimo cha uzima wa kihami cha nyaya, ilisoma chini kwa unyevu. Nikawasha balbu za wati 100 ndani ya kabati, nikafunga milango, na usomaji ukapanda siku hadi siku mpaka nikaridhika. Ndipo nikapandisha umeme polepole kwa variaki, transfoma ya kurekebisha volti, mzigo wa majaribio unaomeza nguvu bila kurusha hewani ukiwa mahali pa antena.

Kutoa nguvu haikutosha. Juu tu ya megahezi 108 kuna vyombo vya kuongozea ndege, na kuanzia 118 marubani wanazungumza. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, hauko mbali nasi. Nilipima mawimbi ya pembeni, yale yanayovuja nje ya masafa ya kituo, nikabadilisha kichujio kabla ya kuruhusu antena iunganishwe.

Mzee akataka tuurudishe hewani moja kwa moja. Nikamwekea mita: unavuta karibu kilowati 2 kutoa 1, ule mpya unavuta 1.4. Kwa saa 24 ni kama yuniti 14 za ziada kila siku. Akaguna. Tukakubaliana uwe wa akiba, uwashwe kila mwezi kwenye mzigo wa majaribio usishike unyevu tena, na valvu moja ya ziada inunuliwe sasa wakati bado zinapatikana. Mnunuzi wa skrepa alipata kabati tupu na chuma cha fremu, akalalamika bei, akalipa.