Besi ya Mzee na Kisanduku cha Valvu

Adapta iliungua saa tatu asubuhi, na Mzee alikuwa anakuja saa nane mchana.

Ilikuwa 2009, Sinza, Dar es Salaam, katika chumba nilichokuwa nalala na kurekodi humohumo. Kompyuta ya mezani, mixa ndogo, maikrofoni moja, magodoro mawili yamesimamishwa ukutani. Wiki hiyo binamu yangu alikuwa amerudi likizo kutoka Marekani na kuniletea kisanduku cha bati kinachoenea kiganjani: ART Tube MP, priampu ya maikrofoni, yaani kikuza sauti cha kwanza kabla ya mixa, yenye valvu moja ndani, kile kioo cha kukuzia umeme kama cha redio za zamani, ya bei ya chini kuliko karibu zote za jamii yake. Yeye alidhani naitaka kwa waimbaji. Mimi nilikuwa naiwazia besi.

Mzee alikuwa amepiga besi kwenye bendi za dansi tangu ujana wake. Enzi hizo kurekodi kulikuwa kwenda Redio Tanzania, bendi nzima inaingia studio na kupiga kwa pamoja, mkikosea mnaanza upya. Alipokuja kwangu mara ya kwanza nilichomeka gitaa lake moja kwa moja kwenye mixa, nikarekodi, nikamwekea asikilize. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Hiyo besi ya nani, mwanangu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini alikuwa na haki. Kilichosikika ni kishindo tu, kama mtu anatwanga nyumba ya pili. Gitaa lake lilikuwa la zamani, la Kijapani, halina betri. Sauti yake yote inatoka kwenye sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, na umeme unaotoka hapo ni dhaifu, hautaki kubebeshwa mzigo. Ukinzani wa tundu ukiwa mdogo, mzigo ndio mkubwa, na tundu la laini la mixa ya kawaida, lile la vifaa vyenye umeme wa nguvu, lina ukinzani wa omu 10,000 hivi. Gitaa la namna hiyo linataka kama omu milioni 1. Ukilazimisha, sauti za juu zinaliwa kabla hazijafika popote, na mngurumo ndio unaobaki.

Dawa yake inajulikana, DI boksi, kisanduku cha kuunganisha gitaa na mixa bila kulibebesha mzigo. Niliyemfahamu mwenye nayo alikuwa anaikodisha pamoja na spika zake za harusi, na mwisho wa wiki haishikiki. Hicho kisanduku cha binamu kina tundu la jeki ya gitaa lenye hiyo omu milioni 1, na upande wa kutokea kina XLR, tundu la pini tatu la waya wa maikrofoni. Sasa DI boksi ni nini zaidi ya hapo? Ndivyo nilivyojiambia.

Pini za ile adapta ya kisanduku zilikuwa bapa, za Kimarekani. Nikatafuta kile kiplagi cha kuchomekea pini za nje, zikaingia vizuri, nikawasha swichi ya ukutani. Kiplagi hubadili umbo la pini, volti hakizigusi. Adapta imeandikwa 120, ukutani kwetu ni 230. Haikutoa hata cheche. Ilinguruma kidogo, ikawa ya moto, kisha chumba kikanuka kama mpini wa sufuria uliosahauliwa jikoni.

Nikakimbilia Kariakoo. "9 volti hii hapa, chukua," muuzaji akasema, nami nikachukua. Nyumbani nikachomeka: kimya. Sauti hakuna. Sikurudi kugombana, sikuwa na muda huo. Nikabeba kila kitu hadi Magomeni, kwa fundi redio mmoja mtu mzima, kibanda chake kimejaa makasha ya televisheni yaliyotolewa matumbo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeunguza nini?"

Hakungoja jibu. Akaigeuza ile adapta iliyoungua, akaweka ukucha kwenye kibandiko, pale penye 9V na alama ndogo ya wimbi pembeni: AC, umeme wa kwenda na kurudi. Kisha akaonyesha ile ya Kariakoo: 9V, na mstari ulionyooka: DC, umeme wa kwenda upande mmoja tu. "Hiki kisanduku kinataka AC, wewe umekilisha DC. Humu ndani umeme unapandishwa kwa diodi na kapasita mpaka uitoshe valvu. DC haipandi hiyo ngazi."

Akafungua bati. Valvu ilikuwa nzima, kioo cha ukubwa wa kidole gumba, miguu tisa. Nikamwambia ni 12AX7, kwa majivuno ya mtu aliyesoma kijitabu usiku uliopita. Akatabasamu. "Hiyo sisi tunaiita ECC83. Imejaa kwenye amplifaya za zamani." Ni valvu ileile, majina mawili, la Marekani na la Ulaya. Niliona uso wake umebadilika, kama mtu aliyekutana na jirani wa kijijini kwao katikati ya mji.

Kutoka chini ya meza akavuta mzoga wa redio kaseti, akakata transfoma yake, akaunga waya wa ukutani upande mmoja na kuweka mita upande wa pili. Ikasoma 10 na ushee. "Ikishika mzigo itashuka," akasema. Akaifungia ndani ya kopo la plastiki alilolitoboa matundu ya kupumulia, na juu yake akaandika kwa kalamu ya wino mzito: AC 9 TU.

Saa nane na robo Mzee alikuwa ameketi kwenye kitanda changu, gitaa mapajani. Nyuzi alikuwa amezichemsha asubuhi kwenye sufuria, kuzitoa mafuta ya vidole. Nikachomeka, sindano za kipimo cha sauti kwenye kompyuta zikaruka, na sauti ikatoka imepasuka vibaya mno. Kosa langu tena: kisanduku kinatoa sauti yenye nguvu, nami nilikuwa nimeipeleka kwenye tundu la maikrofoni kama maikrofoni. Kina vifundo viwili, cha kuingilia na cha kutokea. Nikashusha cha kutokea karibu na sifuri, cha kuingilia nikakipandisha mpaka noti zikaanza kunenepa. Hapo ikawa besi.

Watu hupenda kusema ni joto la valvu. Mimi nitasema nilivyosikia: kwenye vifaa vya bei hii valvu hupewa volti chache kuliko inazozipata kwenye amplifaya kubwa, na kazi yake ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai. Kilichomrudisha Mzee kwenye spika ni lile tundu la omu milioni 1. Kisanduku cha DI kisicho na valvu kingefanya vilevile.

Tena kingekuwa na tundu la kupitishia sauti kwenda kwenye amplifaya ya mpigaji, ambalo hiki hakina. Ikabidi Mzee avae hedifoni. Akapiga mistari minne, akazivua. "Siisikii mgongoni," akasema. Miaka yote hiyo alikuwa amesimama mbele ya spika lake. Mapigo anayapokea kwa mbavu.

Nilichelewa kukumbuka jambo la wazi: maikrofoni haikuwa kazini. Chumba kingeweza kupiga kelele kitakavyo, na kwenye kompyuta isiingie hata chembe. Nikatoa waya kwenye mixa hadi kwenye spika kubwa la redio ya mama sebuleni, nikaliburuta mpaka chumbani, nikamwambia aliegemee. Nikafungua sauti. Bilauri mezani ikaanza kutembea. Nje jogoo wa jirani akawika, bodaboda ikapita, watoto wakaja kuchungulia dirishani, na besi ikaingia safi kama imepigwa kaburini.

Akapiga wimbo wote kwa mkupuo mmoja, macho amefumba. Nikamwekea asikilize. Safari hii hakuuliza ni ya nani. Alisogeza sikio kwenye spika, akanyoosha kidole.

"Huo mkwaruzo ni nini?"

"Ni kidole chako, Mzee. Kinaposugua uzi."

"Na huwa kinasikika?"

"Kwa hiki kisanduku, kinasikika."

Akafikiri. Akalivuta gitaa mapajani, akarudi kuegemea spika.

"Futa hiyo. Nipige nikijua."