Kamera ya inchi 4 kwa 5, nati za pikipiki na ile plastiki iliyoniponza

Hii kamera nimeachiwa na mjomba, inatumia vipande vya filamu vya inchi 4 kwa 5, na nyuma ina kioo cha ukungu, picha inatua hapo kichwa chini ukaipanga, alafu filamu inakaa mahali pake. Ina lenzi mbili, milimita 150 na 90, basi. Kitambaa cha kujifunika ili uone picha kwenye kioo hamna, lupu, yaani kalenzi ka kukuzia, hamna, vya kuangalizia vyote nimehangaika navyo mwenyewe hapa hapa Kigoma.

Mwanzo nilikua najifunika koti jeusi. Jaribu hiyo saa nane mchana pale Kibirizi alafu uniambie, jasho linadondokea kwenye kioo huoni kitu. Nikaenda kwa mama fundi cherehani soko la Mwanga, nikamwambia nje nyeupe ndani nyeusi, mita moja na nusu kila upande. Akaniangalia weee, "Mwanangu, hii ni sanda au pazia?" Ila alishona vizuri, na kila kona akanitilia nati ya pikipiki maana upepo wa ziwa hauna adabu.

Lupu ndo nilikosea. Niliazima ile lenzi ya jichoni ya fundi saa, inakuza mara 10, nikajua nimemaliza, kumbe unaona punje za kioo tu kama sukari imemwagika, picha yenyewe imepotelea humo. Mara 4 mpaka 6 inatosha kabisa. Sasa natumia ya wachapishaji, ile ya kukagulia nukta za wino, naizungusha kwanza mpaka punje za kioo zionekane kali ndo naanza kufokasi, tundu la lenzi likiwa wazi lote, kulibana mpaka f/22, yaani tundu dogo, ni baadae. Kupanga picha nzima natumia miwani ya kusomea +3 ya machinga.

Haya, plastiki. Lenzi ya 90 kona zake ni giza totoro, nikasoma kwamba freneli, ile lenzi bapa ya vimiduara, inasaidia, nikanunua ile karatasi ya plastiki ya kukuzia maandishi ya stationari, nikaikata, nikaichomeka mbele ya kioo, upande wa lenzi. Mwanga ukasambaa safi nikafurahi, nikaenda Ujiji nikampiga picha mzee mmoja kakaa mbele ya nyumba ya udongo, vipande sita. Kuja kuosha, uso umefifia wote, ukuta nyuma yake unahesabu mpaka nyufa. Yaani ile plastiki ilisogeza kioo nyuma, filamu yenyewe iko palepale pa zamani, kwa hiyo kioo kinasema uso, filamu inachukua ukuta. Nikaihamishia upande wangu, nyuma ya kioo, shida ikaisha. Vile vimiduara vyake vinakera ukiweka lupu lakini navumilia, au naitoa kabisa nikiwa na ile 150.

Kile cha kugeuza picha ikae wima sijanunua, watu vichwa chini nishazoea.

Yule mzee nilimrudia. Nikamwambia shikamoo babu, naomba tupige tena. Akauliza, "Kwani ile ya kwanza sura yangu ilikua mbaya?"

Hapana babu, ukuta wako ndo ulipendeza zaidi.