Kila Mtoto na Jino Lake

Mimba yangu ya pili ilikuwa na wiki 19 mswaki ulipogonga kitu kigumu kwenye taya la chini, upande wa kulia. Nikapitisha ulimi: fizi imeumuka kama andazi, gego linacheza.

"Kila mtoto na jino lake, mwanangu," mama mkwe aliniambia hata kabla sijamaliza kueleza. Yaani kila mimba humgharimu mama jino.

Wa meno akaling'oa. Uvimbe ukabaki palepale, ukazidi. Usiku nilikuwa nalala na jagi la maji, asubuhi limekauka. Kichefuchefu hakikuisha, choo kigumu, mwili mzito kama gunia. Yote hayo mja mzito yeyote anayo, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka, mimi nikiwa wa kwanza. Kliniki walinipa na vidonge vya kalsiamu. Nilivimeza kwa utiifu mkubwa.

Nikapewa rufaa, Tanga hadi Dar es Salaam. Huko walikata kinyama kwenye uvimbe wakakipima. Si saratani, wakasema, na wengi wangeishia hapo. Daktari mmoja, binti mdogo tu, hakuridhika. "Dada, shida yako haiko kwenye taya," akasema, akaagiza damu. Kalsiamu ikasoma 3.2, wakati kawaida haifiki hata 2.7. Vile vidonge vikasimamishwa siku ileile.

Akanichorea nyuma ya faili. Shingoni tuna vitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele, vinaitwa parathairoidi. Kimoja changu kilikuwa kimevimba. Ultrasaundi ilikionyesha kimefikia kokwa ya tende. Kinamwaga homoni bila breki, na homoni hiyo inakwangua kalsiamu kutoka mifupani na kuitia kwenye damu. Taya langu lilikuwa limekwanguliwa hadi likaacha pango, pango likajaa tishu na damu iliyovuja. Madini ya chuma ya damu hiyo ndiyo yanayoupa uvimbe rangi ya kahawia.

Nilipasuliwa wiki ya 23, kitezi kile kikatolewa. Miezi ya katikati ndiyo yenye nafuu kwa mama na mtoto. Mama mkwe hakutaka hata kusikia habari ya mjamzito kuchinjwa shingo. Neno lake, si langu.

Usiku wa pili midomo ikaanza kunichonyota, vidoleni kama sisimizi wanatembea. Mifupa ilikuwa na njaa, inanyonya kalsiamu yote damuni. Nikatundikiwa dripu, kisha vikaja vidonge vilevile nilivyokatazwa, sasa kwa konzi.

Mtoto alipozaliwa walimchoma kisiginoni mara kadhaa kupima kalsiamu. Aliyelelewa kwenye damu yenye kalsiamu tele, vitezi vyake huzaliwa vimelala, na anaweza kupata degedege. Wangu alilia tu, akanyonya.

Taya halikuguswa kisu. Lilinywea lenyewe, mwezi baada ya mwezi. Kilichobaki ni pengo la lile gego, lililong'olewa bure. Nikicheka mama mkwe hulitazama, kisha humtazama mjukuu wake.

"Si nilikwambia?"