Siku moja na guta la taka, Tabata

Saa 11 alfajiri nakuwa nimeshafika bandani, nyuma ya soko, namulika matairi ya guta kwa tochi ya simu. Guta likipata pancha asubuhi, ikifika saa 4 mtaa mzima unakulaumu. Vijana wanaingia mmoja mmoja, wanavaa gambuti na glovu, tunagawana njia. Sisi ni kikundi cha usafi cha mtaa. Tunazoa taka majumbani, tunazichambua, kinachouzika tunauza, kinachobaki kinapakiwa kwenye gari la kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi.

Nikikutana na watu wa maofisini swali huwa lile lile: hivi Mtanzania anaweza kutenganisha taka nyumbani kwake? Wengi huwa wameshajijibu kabla sijafungua mdomo, kwamba sisi hatuna utamaduni huo. Naona jibu hilo linawaonea watu. Ndiyo maana nimeamua kuandika jana yangu, Jumanne, nyumba kwa nyumba.

Saa 12 na nusu tunaanzia bondeni, upande wa mto Msimbazi, kabla jua halijapanda na harufu haijaamka. Kuna bibi mmoja pale anapika vitumbua vya kuuza.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Leo sina cha kukupa, labda hizi pampasi za mjukuu.”

Na kweli hana. Ukiangalia ukutani kwake chupa za maji zimepangwa: hii ina mafuta ya kupikia, hii mafuta ya taa, zile mbili anawekea juisi ya ukwaju. Makombo yanaliwa na bata wa jirani. Majivu anasugulia sufuria. Sufuria iliyotoboka imening'inizwa msumarini, inamsubiri kijana wa vyuma chakavu anayepita na mkokoteni. Huyu bibi hajawahi kuhudhuria semina yoyote ya mazingira, lakini kinachotoka ndani mwake ni kile tu ambacho hakuna mtu yeyote mjini anakitaka: pampasi, na nailoni laini za vifungashio. Hivyo havina mnunuzi, vyote vinaishia Pugu.

Lakini ada yake ya mwezi ni shilingi 3,000, sawasawa na nyumba ya geti inayotujazia nusu ya guta kwa siku moja. Nimelisema hili kwenye vikao na nitaendelea kulisema: anayezalisha kidogo alipe kidogo. Mtu akiona kutenganisha hakumpunguzii hata shilingi, unamshawishi kwa lipi?

Saa 2 tuko kwenye nyumba za geti. Hapa dada wa kazi ndiye anayefungua, na kiroba ni kimoja. Nilikifungua cha kwanza palepale getini, maana kilikuwa kinavuja. Juu wali wa jana na mifupa ya kuku. Chini yake boksi la televisheni, zuri kabisa, boksi gumu ambalo wanunuzi wa karatasi wanaligombania, limeshalowa mchuzi hadi katikati na ukilishika linameguka. Katikati chupa za maji, na chini kabisa bilauri iliyovunjika, vipande vimetoboa kiroba. Mmoja wa vijana wangu ana kovu refu kwenye kiganja kwa sababu ya bilauri ya namna hiyo.

Baba mwenye nyumba alikuwa anatoa gari. Akashusha kioo, akasalimia vizuri tu, kisha akasema, “Sasa dada yangu, mimi nalipa kila mwezi. Kuchambua si ndiyo kazi yenu?”

Huwa nasikia hoja hiyo kila wiki na siidharau. Mtu amelipa, anataka taka zitoke, basi. Nilimwonyesha boksi. Nikamwambia, bosi, kuchambua tunachambua, lakini hili hata tukilianika wiki nzima haliuziki tena. Likitoka kavu lina bei, likitoka limelowa tunalilipia gari la kulipeleka dampo. Taka za nyumba zetu, kwa uzito, zaidi ya nusu ni mabaki ya chakula na maganda, na hayo ndiyo yanayoharibu kila kitu kingine. Hatuhitaji ndoo tano za rangi tano kama kwenye picha za Ulaya. Tunahitaji mbili, ya mbichi na ya kavu. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Dada wa kazi alisubiri gari lipinde kona ndipo akaniuliza, “Dada, hiyo ndoo ya pili nitanunua kwa hela ya nani?”

Swali hilo lilinikaa siku nzima. Tumefanya mikutano ya kuhamasisha, na kila mara barua zinaandikwa kwa wenye nyumba. Anayekuja ni baba, au mama akipata nafasi. Anayemenya ndizi, anayemwaga makombo, anayefunga kiroba na kukitoa getini ni huyu binti, na hakuna aliyewahi kumwalika popote. Tunamfundisha mtu ambaye hashiki taka, halafu tunashangaa mbona hakuna kilichobadilika.

Saa 4 tunakunywa chai kwa mama ntilie karibu na duka la jumla. Nilimwangalia mtoto aliyetumwa soda. Amekuja na chupa tupu ya kioo mkononi, ameishika kwa uangalifu, maana anajua akiivunja muuzaji atadai pesa ya chupa. Kreti za soda na bia zimekuwa zikizunguka hivi nchi nzima tangu sijazaliwa. Umewahi kuona chupa nzima ya soda ya kioo imetupwa mtaroni? Ni nadra sana, na ikitupwa haikai saa moja. Ya plastiki ndiyo imejaa mtaroni. Mtu ni yule yule, duka ni lile lile, tofauti ni kwamba moja ina pesa ya kurudishwa na nyingine haina. Sijui kwa nini wenye viwanda vya vinywaji hawabanwi waweke pesa kidogo kwenye chupa za plastiki pia. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku wengi walisema haitekelezeki, na wiki ile ile watu walikuwa sokoni na vikapu. Zamani mtu alifunga taka kwenye rambo akairusha usiku. Leo lazima awe na ndoo au kiroba, na hapo ndipo sisi tunapopata pa kuanzia.

Saa 5 ni zamu ya nyumba za wapangaji, na hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu. Vyumba vingi, pipa moja, na kila mpangaji anasema ada ni ya mwenye nyumba, mwenye nyumba anasema ni ya wapangaji. Asiyelipa anaweka taka zake kwenye pipa la wanaolipa. Jana kina mama wawili walikuwa wamegombana kwa ajili hiyo tangu usiku. Nilikaa nao kwenye kibaraza mpaka wakakubaliana watachanga kwa chumba, na jina la chumba liandikwe kwenye risiti.

Palepale kuna kaka mmoja, fundi seremala. Tulipomwomba atenganishe alikataa kwa ukali.

“Nilishatenganisha, dada. Nilinunua na ndoo. Kabla yenu kulikuwa na gari lingine linazoa. Siku moja nimesimama hapo mlangoni, jamaa akachukua ndoo ya mbichi akamwaga, akachukua ya kavu akamwaga juu yake, wakashindilia. Nikarudi ndani nikaigeuza ndoo ya kufulia.”

Sikuwa na cha kubishana naye. Angekuwa mzembe asingenunua ndoo. Watu hawa wanaoitwa wagumu wa kuelewa, nikiwasikiliza vizuri, wengi walishawahi kujaribu wakaona juhudi zao zinatupwa mbele ya macho yao. Nilimwambia kitu kimoja tu: njoo bandani saa 8 mchana, uangalie kwa macho yako taka za mtaa wako zinakwenda wapi. Akasema ataona.

Tukirudi tunapita Tabata Dampo. Makondakta wanaliita jina hilo kutwa nzima, na vijana wangu hawakuwa wanajua kisa chake mpaka nilipowasimulia. Jiji la Dar es Salaam lilikuwa likimwaga taka zake hapa Tabata. Moshi, inzi, harufu, na watoto wanakohoa. Mwaka 1988 wakazi, Joseph Kessy na wenzake, wakaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikaliamuru Jiji liache. Jiji likarudi kuomba kuongezewa muda. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, akasema hajawahi kusikia popote mamlaka ya umma inakwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira. Dampo likaenda Vingunguti, baadaye Mtoni, sasa liko Pugu Kinyamwezi, na kila lilipofika lilikuta watu wanaishi. Kwa hiyo mtu anaponiambia wananchi hawajali taka namkumbusha kwamba watu wa mtaa huu walilishtaki Jiji zima kwa sababu ya taka, wakashinda.

Saa 7 tunamwaga mzigo bandani. Wageni wanadhani kuchambua ni kuokota tu. Chukua chupa ya maji ya kunywa. Mwili wake ni plastiki ya aina moja, kizibo ni ya aina nyingine. Ukivikata vipande ukaviweka kwenye ndoo ya maji, vipande vya chupa vinazama, vya kizibo vinaelea. Mnunuzi anataka vilivyotengwa, kwa hiyo kinamama wangu wanazungusha kizibo, wanachana lebo kwa kisu kidogo, wanabana chupa itoke hewa, wanatupia kwenye kiroba chake. Chupa yenye mafuta ndani inarudishwa pembeni, maana kilo chache chafu zinaweza kukuangushia bei ya mzigo wote. Chupa za kioo zilizovunjika zinakwenda kwenye ndoo ya bati. Hapa hapa Dar kuna kiwanda cha Kioo Limited kinachoyeyusha chupa chakavu na kutengeneza mpya. Mbichi zinakwenda shimoni nyuma ya banda, tunachanganya na majani makavu, tunageuza kwa reki, tunafunika. Mboji ikiiva wauza maua na miche wa barabarani wanaifuata wenyewe. Shimo letu ni dogo kuliko mahitaji, nafasi ndiyo tatizo. Kinachotushinda kinakwenda Pugu, na huko kikishafukiwa bila hewa kinaoza na kutoa gesi inayoshika moto.

Fundi seremala alikuja. Alifika kabla ya saa 9, maranda yakiwa bado kwenye nywele. Hakuongea. Alizunguka viroba, akachungulia shimo, akashika mboji akainusa. Akauliza mizani ikoje na nani anaandika. Nikamwonyesha daftari.

Wakala wa plastiki alikuja saa 9 na nusu na kirikuu chake. Bei ilikuwa imeshuka tena. Watu wanadhani ni roho mbaya ya wakala, lakini mara nyingi inatoka mbali: mafuta ghafi yakishuka bei duniani, plastiki mpya inakuwa rahisi na iliyokwishatumika inakosa wateja. Jana tuliuza boksi na chupa, viroba vya vizibo tukavirudisha ndani kusubiri. Ada ya majumbani ndiyo inayotulipa mishahara. Mauzo yanaongezea tu. Nasema hivi kwa sababu kuna dhana mtaani kwamba tunatajirika na chupa zao, na kwa hiyo wasilipe. Laiti wangekaa na lile daftari jioni moja.

Waokota makopo nao walipita, vijana wawili. Zamani tulikuwa tunafukuzana nao, maana wanatangulia kuchukua zenye bei. Siku hizi tunawanunulia. Wanafika mitaroni na ufukweni ambako guta halifiki, na mzigo wao huwa safi kuliko wa nyumba nyingi za geti.

Saa 11 jioni nilikuwa ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti alitaka tupige faini nyumba zisizotenganisha. Mtendaji naye akakumbusha kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazungumzia kutenganisha taka pale zinapozalishwa, na halmashauri zina wajibu huo. Sikuipinga faini moja kwa moja. Niliomba ianze baada ya mambo mawili. La kwanza, semina ya Jumamosi ijayo wasialikwe wenye nyumba, waalikwe dada wa kazi, wapewe ndoo mkononi, na fedha za ndoo zitoke kwenye ada. La pili, banda letu liwe wazi kila alasiri kwa mkazi yeyote anayetaka kuona. Nikawapa mfano wa majirani zetu wa Bonyokwa, ambako shirika la Nipe Fagio limejenga na wakazi mfumo wa kuzoa na kuchambua hapo hapo kwenye kata. Kule mkazi anaweza kutembea kwa miguu akaona taka yake inaishia wapi.

Kuhusu ada ya bibi wa vitumbua hatukukubaliana. Mwenyekiti anaogopa kwamba ukimpunguzia mmoja wote watadai, na mtendaji anasema viwango vinapangwa halmashauri. Nimeambiwa nilete barua yenye uzito wa taka za kila nyumba kwa mwezi mzima. Leo tumeanza kupima, mizani tumeifunga kwenye guta, na fundi seremala amejitolea kututengenezea kibao cha kuandikia. Kwenye ndoo ya pili ya nyumba yake, jioni nilipopita, kulikuwa na maboksi makavu na chupa tatu.