Barua ya mpelelezi ambayo mkuu hakutaka niione

Nilikuwa bado mgeni kitengo cha alama za vidole, siku hiyo ikaingia bahasha ya kesi ya mauaji, sili haijaguswa, kila aliyeishika kasaini na kuweka tarehe na saa, yaani hapo hakuna cha kulalamika. Ila juu yake kuna barua imepinwa. Mkuu wetu, mama mmoja mpole lakini kwenye kazi hana mchezo, akaichomoa, akasoma, akaiweka kwenye faili lake, mimi akanipa alama ya mlangoni peke yake. Hata kadi ya vidole vya mtuhumiwa sikupewa.

Akaniambia kaa nayo kwanza. Ilikuwa imeinuliwa kwa poda na selotepu, upande mmoja imevutika kama mtu aliteleza, kwa hiyo nikakaa na lenzi nikaweka alama kila mstari unapokatika na kila unapogawanyika panda, nikaandika na sehemu ambazo siziamini, nikasaini. Ndipo akanipa kadi. Vidole vyote kumi, hakuna hata kimoja kilichokubali. Akampa na mwenzangu wa chumba cha pili bila kumwambia mimi nimesemaje, naye akarudi na jibu lile lile.

Baadaye akanionyesha barua. Mpelelezi kaandika mtuhumiwa ameshakiri, tuthibitishe tu, jibu leo leo.

Mkuu akasema ningeisoma mapema kila kinachofanana ningekiona haraka na kila tofauti ningeiita uchafu. Hakuwa anaongea hewani. Mwaka 2004 baada ya mabomu ya treni kule Madrid, FBI walisema alama iliyokutwa kwenye mfuko wa viwashio vya mabomu ni ya wakili wa Oregon, Marekani, Brandon Mayfield, wataalamu wengine wakahakiki huku wanajua mwenzao ameshasema ni yeye, nao wakakubali, jamaa akawekwa ndani karibu wiki mbili mpaka polisi wa Hispania wakamtaja mtu mwingine kabisa. Halafu 2006 mtafiti Itiel Dror na wenzake wakawapa wataalamu watano alama ambazo wao wenyewe miaka ya nyuma walisema zinafanana, ila safari hii wakaambiwa ndizo zile za Mayfield zilizokosewa, na wanne wakabadili jibu! Watu wazoefu kabisa hao. Ndiyo maana mimi nasema uhakiki wa mtu anayejua jibu la mwenzake si uhakiki, ni saini ya pili tu.

Ripoti yetu haikusema mtuhumiwa hakuhusika, maana hilo alama moja haiwezi kulisema, ilisema alama hii si yake basi. Mpelelezi alipiga simu amekasirika, anauliza mtu kakiri kwa mdomo wake, sasa yeye aandike nini kwenye jalada.

"Afande, andika kilichopo kwenye ripoti," mama akamjibu, "halafu tuletee vidole vya wote waliokuwa wanaingia mle ndani."